Karani wa ubao: kupanga oda za karakana kwa kanban na akili mnemba

Karakana yetu ya samani ipo Keko, Dar es Salaam, na mimi sishiki randa. Kazi yangu ni kupokea oda, kushika kianzio, kumwambia fundi aanze na nini, na kusimama mbele ya mteja kitanda kinapochelewa. Mwenye karakana ni shemeji yangu. Yeye anazijua mbao, mimi najua nani anadai nini. Oda zinaingia kwa WhatsApp, kwa simu, na kwa mtu aliyesimamisha bajaji barabarani akinionyesha picha ya kabati aliyoiona Instagram. Zote zinaishia kwenye ubao mmoja wa kanban, yaani ubao wenye safu, ambako kila kazi ni kadi inayohama safu hadi safu, na msaidizi wa akili mnemba ndiye karani wa ubao huo. Nasema karani kwa makusudi. Anaandika kadi, anazisoma, ananiuliza maswali. Kuzisogeza si kazi yake, na nitaeleza kwa nini.

Natumia Trello, programu ya bao za namna hiyo, kwa sababu ya bure inanitosha na inafunguka vizuri kwenye simu. Msaidizi yeyote kati ya ChatGPT, Claude au Gemini anaweza haya nitakayoyaeleza, hata bila kulipia, kwa hiyo sitabishana na mtu kuhusu yupi bora.

Kwanza ubao, msaidizi baadaye

Usimwombe msaidizi akutengenezee safu. Atakupa tatu zile za kila mahali: za kufanya, zinazofanyika, zilizokwisha. Kwa karakana hizo hazisemi kitu, maana "inafanyika" inaweza kuwa mbao bado ipo sokoni au kitanda kinasubiri gari. Tembea ndani ya karakana, angalia kazi inasimama wapi ikisubiri mtu mwingine, halafu kila kituo hicho kiwe safu. Zetu ni hizi: Oda mpya, Kianzio kimeingia, Mbao zipo, Kukata na kuranda, Kuunganisha, Msasa na rangi, Tayari, Imepelekwa.

"Oda mpya" na "Kianzio kimeingia" nimezitenganisha kwa ugomvi mwingi. Shemeji alitaka mteja anayejulikana aanziwe kazi kwa ahadi. Sasa sheria ni kwamba kadi haivuki bila hela, na ubao ndio unaosema hivyo, si mimi, jambo lililonipunguzia lawama za kifamilia.

Halafu weka ukomo. Safu ya rangi kwetu haipokei zaidi ya kadi nne, kwa kuwa chumba cha kupulizia ni kidogo na kitanda kilichopakwa leo hakiwezi kubebanishwa na kingine. Masika ukomo unashuka hadi mbili. Unyevu ukizidi, vanishi inakauka polepole na inaweza kuweka ukungu mweupe, ukarudia msasa upya. Safu ikijaa, fundi wa kuunganisha haanzi kazi mpya. Anakwenda kusaidia msasa. Hiyo ndiyo kanban yenyewe tangu Toyota, ambako mhandisi wao Taiichi Ohno aliitumia kadi ili kituo cha mbele ndicho kivute kazi, badala ya cha nyuma kuirundika. Kule kadi ilitembea na sanduku la vipuri. Sisi tunaandika namba ya kadi kwa chaki kwenye mbao yenyewe, K-041 kwa mfano, na mbao iliyokatwa haiwezi kudai kuwa ni ya mtu mwingine.

Kugeuza maongezi kuwa kadi

Hapa ndipo msaidizi anapoila mshahara wake. Mteja haandiki oda, anaongea. Ujumbe mmoja una salamu, habari za mtoto aliyefaulu, kitanda, kisha kabisa mwishoni "na zile stuli mbili usizisahau". Mimi nanakili ujumbe, nafuta jina na namba ya simu, naweka namba ya kadi, kisha nabandika pamoja na agizo hili, ambalo nimelihifadhi kwenye simu:

"Toa oda zote zilizomo kwenye ujumbe huu. Kila kitu kimoja kiwe mstari mmoja: namba, kitu, vipimo, aina ya mbao, tarehe ya kuchukua. Usibadilishe vipimo, kama mteja ameandika futi, acha futi. Saa zote ni za Kiswahili, saa moja asubuhi ni 07:00. Kisichosemwa andika HAKIJASEMWA. Usikisie. Mwishoni niandikie maswali ya kumuuliza mteja, yasizidi matatu."

Kila sentensi hapo ina sababu yake. Bila ile ya saa, mteja aliyesema atakuja Jumamosi saa nne atawekewa 04:00 alfajiri, wakati yeye anakuja 10:00 na gari la kukodi linalohesabu dakika. Bila ile ya vipimo, msaidizi anaweza kukusaidia kwa hiari yake kugeuza kitanda cha futi tano kwa sita kuwa sentimita 152 kwa 183, na fundi anayekata kwa futi ataikunjia uso karatasi hiyo. Na bila HAKIJASEMWA, anajaza. Mteja hakutaja mbao, yeye anaandika mninga kwa kuwa kadi iliyopita ilikuwa mninga. Bei ya mninga na ya paini haziko hata mtaa mmoja, kwa hiyo huo si mzaha.

Tarehe za sikukuu nazipanga mwenyewe. "Kabla ya Idi" haina tarehe mpaka mwezi uandame, na msaidizi atakupa moja kwa ujasiri mkubwa. Mimi naweka wiki nzima kabla ya siku ya mapema inayotarajiwa, maana mteja wa Idi anataka sofa iwe sebuleni wageni wakiingia, si ikiwa kwenye mkokoteni.

Mistari ikishatoka safi, ichukue yote kwa pamoja uibandike kwenye nafasi ya kuongeza kadi katika Trello. Ukitumia kompyuta, programu itakuuliza kama unataka kila mstari uwe kadi yake. Kubali. Oda ya nyumba nzima inakuwa kadi kumi kwa kubofya mara moja.

Kuhusu kufuta majina, sizungumzii adabu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ya mteja pamoja na ramani ya kwake ni taarifa zake, si zako. Jina na simu viko kwenye daftari langu. Ubao na msaidizi wanajua K-041 basi.

Oda kubwa, na pale msaidizi anapopenda kadi kupita kiasi

Makabati ya jikoni si oda, ni mradi. Kuna kupima, mchoro, masanduku ya chini, ya juu, milango, bawaba, kufunga, na fundi wa graniti ambaye si wetu. Ukimwambia msaidizi agawe kazi hiyo atakuletea kadi ishirini na tano, zikiwemo "kuwasiliana na wadau" na "kutathmini ubora". Hizo futa. Agizo langu ni: "Gawa kazi hii katika kadi zisizozidi nane. Kila kadi iwe kitu ambacho mtu mmoja anakimaliza ndani ya siku mbili na ninaweza kukigusa kwa mkono. Niambie ipi haiwezi kuanza kabla ya ipi."

Lile sharti la kugusa kwa mkono linaondoa takataka nyingi kuliko maelezo marefu. "Milango sita imekatwa" naigusa. "Maandalizi ya milango" siigusi.

Jibu la mwisho, la kipi kitangulie kipi, lisome na fundi aliye karibu. Msaidizi anapenda kupanga kazi ziende sambamba, na kwenye graniti nimemwona akipanga jiwe likatwe wakati masanduku yanaunganishwa, ili kuokoa muda. Fundi wa graniti anayejua kazi yake hapimi hadi kabati za chini zifungwe na kunyooshwa ukutani, maana kuta za nyumba zetu hazijanyooka na sinki haliulizi mchoro unasema nini. Jiwe likishakatwa vibaya halirekebishiki. Kwa hiyo kadi ya graniti inafungwa nyuma ya kadi ya kufunga kabati za chini, na nimeiandika hivyo kwenye kadi yenyewe.

Maswali ya asubuhi

Mafundi wakiwa wanakunywa chai, mimi napiga picha ya skrini ya ubao na kumpa msaidizi. Anasoma picha vizuri. Ubao ukiwa mrefu piga mbili. Usimwombe muhtasari, atakusimulia kadi moja baada ya nyingine, na hizo unaziona. Muulize hivi:

"Leo ni tarehe fulani. Kadi zipi zimekaa kwenye safu moja zaidi ya siku nne? Zipi hazina jina la fundi? Zipi tarehe yake ipo ndani ya siku tatu na bado hazijafika kwenye rangi? Safu gani imevuka ukomo? Jibu kwa namba za kadi tu."

Ili swali la kwanza lijibike, kichwa cha kadi lazima kiwe na tarehe ya kuingia kwenye safu: "K-041 | kitanda 6x6 mninga | 12/5". Anayeisogeza kadi anabadilisha tarehe. Ukiwa na kompyuta unaweza kutoa ubao mzima kama faili la JSON kupitia menyu ya Trello, na humo kuna historia ya kadi kuhama safu; ila faili hilo linabeba pia majina ya waliomo kwenye ubao, na kwa simu ni zito kulishika. Mimi nalitumia mwisho wa mwezi tu.

Majibu hayo ni orodha ya mahali pa kwenda kutazama kwa miguu. Msaidizi hajui kwamba fundi akisema "tayari kabisa, dada", maana yake imebaki msasa, na akisema "kesho inatoka", gundi bado haijawekwa. Wewe unajua. Basi nenda na namba zako tatu, simama mbele ya mbao, uliza.

Ndiyo maana simpi ruhusa ya kusogeza kadi. Siku hizi inawezekana: tangu Novemba 2024 Anthropic walipotoa itifaki iitwayo MCP, wasaidizi wengi wanaweza kuunganishwa moja kwa moja na bao za kazi, wakasoma na kuandika wenyewe. Ukiunganisha, mpe kusoma, na ukipenda kuongeza kadi kwenye safu ya kwanza. Kadi ikihamishwa na aliyesikia maneno tu, ubao unaanza kuongopa, na ubao unaoongopa ni mbaya kuliko kutokuwa nao. Kwetu anayehamisha ni fundi aliyemaliza kazi, kwa kidole chake.

Kumwambia mteja lini

Kuna hesabu moja nimeiweka ukutani. Chukua kadi zote zilizo kati ya kianzio na kupelekwa, gawanya kwa idadi ya kazi zinazotoka kwa wiki. Kadi 24, zinatoka 6 kwa wiki, basi oda mpya itachukua kama wiki nne. Mtafiti John Little aliithibitisha mwaka 1961, na inafanya kazi Keko pia, mradi kasi ya kuingia na kutoka isipishane sana. Ni wastani, si ahadi; kwa oda yenye graniti ninaongeza. Shemeji alikuwa na desturi ya kumwambia kila mteja "wiki mbili". Nikimwonyesha kugawanya huko anasema wateja watakimbia. Wachache wamekimbia kweli. Waliobaki hawanipigii simu mara tano kwa siku.

Ujumbe wa kuchelewa naweza kumwomba msaidizi auandike, lakini ukimwachia atakuja na "Mpendwa mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza". Mama wa makamo aliyekulipa kianzio cha kabati hataki barua ya benki. Mpe msaidizi mfano wa ujumbe wako mwenyewe, mwambie mteja ni mtu mzima aanze na shikamoo, ataje kitu, sababu moja ya kweli, na siku mpya. Hivi ndivyo ulivyotoka wa mwisho niliotuma:

"Shikamoo mama. Kabati lako limeshaunganishwa, lipo kwenye rangi. Mvua imefanya vanishi ichelewe kukauka, na sitaki likufikie lina ukungu. Litakuwa tayari Alhamisi badala ya Jumanne. Nikutumie picha kesho?"

Kama karakana yako haina mtu wa kukaa na simu, anza na ubao wa plaiwudi ukutani, misumari na kadi za karatasi ngumu, kisha piga picha ya huo ubao asubuhi na kuuliza maswali yaleyale. Andika kwa kalamu nene, herufi kubwa. Msaidizi akishindwa kusoma mwandiko, mwombe akuandikie kwanza alichosoma, kadi kwa kadi, uhakiki namba kabla ya kuuliza chochote, kwa sababu 5 na 6 za mkono zinafanana, na kitanda cha tano hakigeuki kuwa cha sita.