SOMO: Kuotesha oganoidi za utumbo maabara hatua kwa hatua, someni hapa kwanza kabla ya kunitumia meseji

Wakuu habari zenu. Kila mara naletewa swali lile lile, "oganoidi zangu hazioti nimekosea wapi", namjibu mmoja leo kesho anakuja mwingine na swali hilo hilo, nimechoka kuandika jibu moja kila siku. Naweka yote hapa. Kwa mgeni: oganoidi ni kijiogani kidogo sana kinachooteshwa maabara kutoka kwenye seli, hapa ni kijitumbo.

Tutatumia utumbo mdogo wa panya wa maabara maana ndiyo njia nyepesi ya kujifunzia, na ndiko mambo haya yalikopata nguvu mwaka 2009, Toshiro Sato na wenzake kwenye maabara ya Hans Clevers kule Utrecht, Uholanzi, walipoonyesha kwamba seli shina (seli mama inayozaa seli nyingine) moja tu yenye alama ya Lgr5, protini inayozitambulisha seli shina za utumbo, inaweza kujijengea kijitumbo kizima chenye kripti (vishimo vya ukuta wa utumbo zinamokaa seli shina) na sehemu za villi (vidole vidogo vya ukuta huo) bila kusaidiwa na seli za tishu nyingine. Moja tu jamani. Kwa hiyo shikeni hili kabla ya kushika pipeti: wewe hujengi kitu, seli ndizo zinazojenga na kazi wanaijua, wewe unazitengenezea mazingira yafanane na kule mwilini zilikotoka. Zikigoma, kagua mazingira.

MAANDALIZI
Kibali cha kutumia wanyama kiwe kimeshatoka. Jeli (Matrigel) iyeyuke usiku kucha kwenye barafu ndani ya friji. Plati ya visima 24 ilale kwenye inkubeta ya nyuzi 37 usiku huo huo. PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) iwe baridi na midia (maji ya lishe ya seli) iwe imeshachanganywa.

HATUA YA 1. Toa utumbo mdogo, upasue kwa urefu, osha na PBS baridi mpaka uchafu uishe.

HATUA YA 2. Kwangua villi taratibu kwa kioo chembamba cha kufunikia slaidi, kisha kata vipande vya milimita 2 hadi 4. Osha tena kwa kuvuta na kusukuma na pipeti ya mililita 10 mpaka maji yawe safi kabisa. Usifanye uvivu hapa.

HATUA YA 3. Loweka kwenye EDTA ya milimola 2, dakika 30, kwenye baridi, ikitikiswa polepole. EDTA inanyonya kalsiamu ambayo ndiyo inashikilia seli pamoja, ndo mana kripti zinaachia.

HATUA YA 4. Mwaga EDTA, weka PBS mpya, vuta na kusukuma kwa nguvu kidogo, kusanya hayo maji kwenye tyubu, weka mengine, rudia. Mikupuo ya kwanza itatoa villi na takataka, kripti zinakuja baadaye. Kila mkupuo angalia tone moja kwenye darubini, usikisie. Yale yenye kripti nyingi pitisha kwenye kichujio cha mikromita 70.

HATUA YA 5. Sentrifyuji kwa g 200, dakika 5, nyuzi 4. Mwaga maji ya juu.

HATUA YA 6. JELI. Hapa someni neno kwa neno, hatua hii ilishanimalizia sampuli nzuri kabisa na ndiyo inayowamaliza wengi wenu. Hii jeli inatoka kwenye uvimbe wa panya unaoitwa sarkoma ya EHS, imejaa laminini na kolajeni ya aina ya 4, yaani vitu vile vile vya utando ambao seli za utumbo zinaukalia mwilini, na seli ya utumbo ikitengana na utando wake inajiua yenyewe, kwa hiyo msidhani jeli ni ya kushikilia tu zisielee, ni sehemu ya uhai wao. Tatizo lake ni joto. Ikivuka nyuzi 10 inaanza kuganda na haikusubiri, na ikishaanza kuganda ndani ya pipeti utatoa mabonge, kripti zitakusanyika upande mmoja, nyingine zitabaki kwenye plastiki, halafu siku ya tatu unaniandikia kwamba seli ni mbovu. Kwa hiyo: ncha za pipeti zikae friza kabla. Tyubu ya kripti ikae kwenye barafu, siyo karibu na barafu, KWENYE barafu, na toa maji yote ya juu kabla ya kuongeza jeli maana maji yakibaki jeli inakuwa nyepesi na matone yatang'oka chini siku ukibadilisha midia. Usishike sehemu ya chini ya tyubu kwa vidole. Changanya polepole, usisukume pipeti mpaka mwisho kabisa maana utaleta mapovu, na povu likiingia ndani ya tone huwezi kulitoa. Dondosha mikrolita 50 katikati ya kisima chenye joto, tone lisimame kama kuba, lisiguse ukuta. Lenga kripti mia moja hadi mia tatu kwa tone, zikiwa chache sana zinapwaya, zikiwa nyingi sana zinanyang'anyana chakula. Fanya visima vichache vichache, usijaze plati yote kwa mkupuo mmoja huku tyubu ikipata joto mkononi. Kisha pindua plati kichwa chini, irudishe inkubeta dakika 10 hadi 15. Kupindua kunazuia kripti zisizame zikakalia plastiki, zikigusa plastiki zinatambaa na kuwa shuka bapa badala ya kijitumbo.

Jeli iliyobaki USIIGANDISHE na kuiyeyusha tena na tena. Igawe kwenye vichupa vidogo siku ya kwanza kabisa unapoifungua.

HATUA YA 7. Midia, mikrolita 500 kwa kisima, ipitishe ukutani taratibu isipige tone. Msingi ni Advanced DMEM/F12 yenye HEPES, glutamini, B27, N2 na N-asetilisisteini milimola 1. Juu ya hapo vichochezi vitatu: EGF nanogramu 50 kwa mililita, Noggin 100, R-spondin 500. EGF inazifanya zigawanyike. R-spondin inakuza ishara ya Wnt, ile inayoziweka seli shina ziendelee kuwa shina. Noggin inazuia BMP, ishara inayozisukuma seli zikomae, na hii nzuri kuielewa: mwilini BMP ni kali kule juu kwenye villi na dhaifu chini kwenye kripti, kwa hiyo ukiizuia unaziambia seli kwamba bado ziko chini, ziendelee kuwa shina. Seramu usiweke.

HATUA YA 8. Badilisha midia kila siku 2 au 3. Siku ya kwanza kripti inajifunga na kuwa duara, kufikia siku ya 3 au ya 4 vichipukizi vinatoka, kila kichipukizi ni kripti mpya. Kati ya siku ya 5 na ya 7 zivunje kwa kuzipitisha kwenye pipeti ya kioo iliyochomwa ncha ikawa nyembamba, kisha gawa kisima kimoja kuwa vitatu hadi vitano, jeli mpya.

Maswali wekeni hapa chini.

_____

CHAPCHAP: Mkuu somo zuri. Jeli naiyeyusha vipi, naweza kuweka kwenye maji ya uvuguvugu iwahi?

MTOA MADA: Hapana. Usiku kucha, barafu, friji. Ipo kwenye maandalizi.

CHAPCHAP: Yangu niliiweka mezani kama nusu saa imekuwa ngumu, nikiirudisha friji si italainika?

MTOA MADA: Usiitumie kwa kazi hii. Hata ikilegea haitaganda sawasawa, utapoteza panya na siku nzima kwa ajili ya kichupa kimoja.

BI DARUBINI: Asante sana mwalimu. Swali langu, kila ninaposoma naona Wnt ndiyo roho ya seli shina za utumbo, mbona kwenye midia yako hamna Wnt yenyewe, kuna R-spondin tu ya kuikuza?

MTOA MADA: Dada hili ndilo swali nilikuwa nalisubiri. Wnt ipo, ila siweki mimi. Kwenye utumbo mdogo seli shina zimebanana na seli za Paneth, hizo ndizo zinatoa Wnt3, na unapookota kripti nzima unakuwa umechukua jirani pamoja na jirani yake, wanaendelea kulishana ndani ya jeli. Ndiyo maana ukianza na seli moja moja zilizotenganishwa mafanikio yanashuka sana, na hapo unaongeza Y-27632 mikromola 10 siku mbili za mwanzo zisijiue. Ukihamia utumbo mpana, kule hakuna seli za Paneth, basi Wnt3a lazima uilete wewe. Na ya binadamu inataka zaidi: Wnt3a, nikotinamidi, A83-01 ya kuzuia ishara ya TGF-beta, na SB202190 ya kuzuia p38.

BI DARUBINI: Kwa hiyo kila tishu unaanza kwa kuuliza jirani zake mwilini walikuwa nani?

MTOA MADA: Hivyo hivyo. Uliza nani alikuwa anamlisha, amekalia nini, na nani alikuwa anamzuia. Ini, tumbo, kongosho, zote orodha ya midia ilipatikana kwa kuuliza hayo.

KAPTENI SELI: za kwangu ni maduara matupu hayatoi vichipukizi shida nini

MTOA MADA: Panya au binadamu? Siku ya ngapi? Umeweka Wnt3a?

KAPTENI SELI: panya, midia niliikuta friji imeshachanganywa sijui kuna nini

MTOA MADA: Kama wewe hujui kilichomo basi mimi nitajuaje? Maduara yenye ukuta mwembamba mara nyingi ni dalili ya Wnt kuzidi, seli zote zinabaki shina hakuna anayekomaa. Changanya midia yako mwenyewe, andika tarehe kwenye chupa, rudi hapa baada ya wiki.

MSOMI WA USIKU: Za kwangu zimechipuka vizuri ila katikati kumekuwa cheusi tii. Zimekufa? nizitupe?

MTOA MADA: Usitupe! Ule weusi ni seli zilizokomaa zikafa zikadondokea ndani. Utumbo wa kweli nao unabadilisha seli zake kila baada ya siku 3 hadi 5, tofauti ni kwamba hapa takataka haina pa kutokea. Ni ishara tu muda wa kuzivunja umefika. Wasiwasi uje pale ukuta wenyewe ukianza kuchanika na kuwa mweusi.

MZEE WA PIPETI: Niongezee kidogo kwa wanaoanza. Kabla ya kunyonya kripti lowesha ncha na PBS yenye BSA (protini ya damu ya ng'ombe) kidogo, asilimia 0.1 inatosha, zisipolowa kripti zinanata kwenye plastiki. Na visima vya pembeni vya plati mimi najaza PBS tupu, vinakauka haraka kuliko vya katikati.

MTOA MADA: Mzee hiyo ya BSA nilitakiwa niiweke kwenye hatua ya 4, shukrani.

CHAPCHAP: Mkuu mimi nataka kuotesha figo la kupandikiza mtu, hizi hatua si ndo zile zile?

MTOA MADA: Hapana, na ondoa hilo kichwani kabla hujamwahidi mtu. Oganoidi haina mishipa ya damu. Oksijeni inapenya kwenye tishu mikromita mia moja hadi mia mbili hivi tu, ukizidi hapo katikati panakufa. Oganoidi za figo zipo, zinatengenezwa kutoka seli shina zinazoweza kuwa kila kitu, ni za kusomea ugonjwa na kupima dawa.

SELI SHINA: Hapo kwenye oksijeni umenigusa mkuu. Zile za ubongo nasikia zinafika milimita kadhaa, zinapumuaje?

MTOA MADA: Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich kule Vienna, 2013, walizifikisha mpaka milimita 4 kwa kuziweka kwenye chombo kinachozungusha midia muda wote, chakula na oksijeni vikapenya zaidi. Hata hivyo katikati kulikuwa na seli zilizokufa. Siku hizi wengine wanazikata vipande vyembamba na kuendelea kuziotesha hivyo.

SELI SHINA: Na kwa utumbo? Maana mwilini utumbo hautulii, unajinyonga, na kuna kitu kinapita ndani muda wote. Kwenye jeli umekaa kimya tu.

MTOA MADA: Kaka umeona pengo lenyewe. Hapo ndipo vinapoingia vile vijisahani vyenye mifereji, ogani kwenye chipu. Kundi la Donald Ingber pale taasisi ya Wyss, chuo cha Harvard, walitoa ya pafu 2010 na ya utumbo 2012. Kuna utando wenye matundu, seli juu yake, midia inapita pande zote mbili, na pembeni kuna vyumba vya hewa vinavyovuta utando ukavutika na kurudi. Kilichonishangaza ni kwamba walitumia seli za Caco-2, hizi za saratani ambazo kwenye plati ya kawaida hukaa bapa, na kwenye chipu zikainua villi zenyewe. Seli ni zile zile, kilichobadilika ni mtiririko na mvuto. Wengine sasa wanavunja oganoidi na kupanda seli zake kwenye chipu, unapata seli za mtu halisi na mwendo wa mwili pamoja.

BI DARUBINI: Na kama nataka kupima bakteria wa tumboni? Upande wa ndani wa utumbo si umefungiwa ndani ya duara?

MTOA MADA: Ndiyo, umefungiwa. Una njia tatu: kuchoma na sindano ndogo sana na kuingiza bakteria ndani, inataka mkono mtulivu, kuzitandaza seli bapa juu ya utando ili upande wa juu uwe wazi, au kuondoa jeli kwa EDTA baridi na kuziacha zielee, zikikosa jeli zinajigeuza ndani nje. Ya pili ndiyo rahisi kwa anayeanza.

KAPTENI SELI: mkuu nimechanganya midia mwenyewe ila zinaota polepole sana na hamna uchafu wowote naona midia safi

MTOA MADA: Asante kwa kurudi na taarifa kamili. Pima maikoplazma (bakteria wadogo mno) kwa PCR, kipimo cha DNA, leo. Hazichafui midia, hazionekani kwenye darubini ya kawaida, penisilini haizigusi kwa sababu hazina ukuta wa seli, na zinapita hata kwenye kichujio cha mikromita 0.22. Ukizikuta, tupa kila kitu na usafishe inkubeta. Ndiyo maana kila laini mpya (ukoo mpya wa oganoidi) gandisha akiba mapema, siku 2 au 3 baada ya kuzivunja zikiwa bado ndogo, kwenye DMSO (kemikali ya kukinga seli zisiharibiwe na barafu) asilimia 10.

MSOMI WA USIKU: Mtoa mada samahani natoka nje kidogo, nimesikia oganoidi zinatumika kumchagulia mgonjwa dawa. Ni kweli au maneno tu?

MTOA MADA: Ni kweli, na mfano mzuri ni ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi. Uholanzi walichukua kipande kidogo cha puru ya mgonjwa, wakaotesha oganoidi, wakaweka kemikali ya foskolini. Foskolini inafungua mlango wa CFTR, protini inayopitisha chumvi na ndiyo iliyoharibika kwenye ugonjwa huu, chumvi inaingia ndani na maji yanaifuata, oganoidi ya mtu mwenye afya inavimba. Ya mgonjwa haivimbi au inavimba kidogo mno. Unajaribu dawa moja moja mpaka upate inayoivimbisha, na hiyo ndiyo yenye nafasi ya kumsaidia yule yule aliyetoa kipande. Ukitaka kujaribu na za kwako, zipande ziwe ndogo, weka rangi ya kalseini zionekane vizuri, kisha piga picha kisima kile kile kila dakika 10 kwa saa moja, upime eneo lake limeongezeka kiasi gani. Na weka kisima kimoja kisicho na foskolini, bila hicho hutajua kama zimevimba au zimesogea tu kwenye fokasi.