Ijaribu bodi ya ARM kwenye laptopu kabla ya kupanda mtumbwi

Bodi ndogo inayopima joto la maji kwenye vizimba vya sato upande wa Ilemela, Mwanza, ikigoma, kuifuata ni safari ya mtumbwi. Makosa ya programu yamalize ukiwa mjini, ndani ya kompyuta ya ARM (aina ya prosesa iliyo kwenye bodi hiyo) inayoigizwa na programu ya QEMU.

Kwenye Debian au Ubuntu sakinisha hivi:

sudo apt install qemu-system-arm qemu-efi-aarch64 qemu-utils socat

Kisha pakua imeji (faili la diski lenye mfumo ulio tayari) debian-12-nocloud-arm64.qcow2 kutoka cloud.debian.org. Ina mamia ya megabaiti, kwa hiyo angalia bando lako kwanza. Usiiwashe yenyewe, itengenezee diski ya juu yake, faili linalohifadhi mabadiliko tu:

qemu-img create -f qcow2 -F qcow2 -b debian-12-nocloud-arm64.qcow2 kazi.qcow2 10G

Ukiharibu, futa kazi.qcow2 na utengeneze nyingine bila kupakua tena. Lakini imeji ya chini ikibadilika hata kidogo, diski ya juu inaharibika.

Sasa washa:

qemu-system-aarch64 -machine virt -cpu cortex-a72 -smp 2 -m 1024 \
-bios /usr/share/qemu-efi-aarch64/QEMU_EFI.fd \
-drive if=none,file=kazi.qcow2,id=d0 -device virtio-blk-pci,drive=d0 \
-netdev user,id=n0,hostfwd=tcp::2222-:22 -device virtio-net-pci,netdev=n0 \
-device virtio-serial-pci \
-chardev socket,id=s0,path=/tmp/kipimo,server=on,wait=off \
-device virtserialport,chardev=s0,name=kipimo -nographic

Ingia kama root, bila nywila. Kioo kikibaki kitupu, tazama kwanza -cpu: ukiisahau, mashine ya virt huchukua Cortex-A15, prosesa ya biti 32, na mfumo wa biti 64 hauwezi kuwaka juu yake. Kosa la pili ni -m. Bila hiyo unapewa MB 128 tu, na hazitoshi.

Itakuwa nzito. Laptopu ya Intel au AMD inatafsiri kila agizo la ARM, na KVM (njia ya Linux ya kuharakisha mashine za kuigizwa) haisaidii kwa sababu prosesa ni za aina mbili tofauti. Kusubiri dakika moja au zaidi hadi iwake si ajabu. Usikimbilie -cpu max, maana kwenye matoleo mengi ya QEMU inaongeza uzito.

Ndani, lsblk ikuonyeshe vda. Hiyo ndiyo diski ya virtio, yaani kifaa cha kuigizwa. Mtandao upime kwa apt update, si kwa ping, kwani katika mtandao wa aina hii ping ya kwenda nje mara nyingi haijibu hata kama kila kitu ni kizima. Ukihitaji ssh, sakinisha openssh-server, ongeza mtumiaji kwa adduser, halafu ingia kupitia bandari 2222 ya laptopu.

Faida kubwa iko kwenye ule mlango wa virtio-serial, njia ya kupitisha data kati ya laptopu na mashine. Ndani unaonekana kama /dev/virtio-ports/kipimo, nawe kutoka kwenye laptopu unautumia kama kipima joto cha bandia:

echo "25.4" | socat - UNIX-CONNECT:/tmp/kipimo

Tuma namba sahihi, kisha tuma takataka: mstari mtupu, herufi, nyuzi 250. Angalia pia socat inapofunga. Mlango ukikosa mtu upande wa pili, kusoma kunarudisha sifuri baiti, na programu nyingi hudhani faili limekwisha, zinajizima. Andika yako isubiri na ijaribu tena.

Umeme nao ujaribu kuukata. Programu ikiwa inaandika, bonyeza Ctrl na A, achia, bonyeza C, kisha andika quit. Hiyo ni sawa na kuchomoa waya. Washa tena uhesabu mistari: isiyopitishwa kwenye fsync (amri ya kulazimisha data iandikwe diskini) huenda ilikuwa bado kwenye kumbukumbu, na inaweza kuwa imepotea. Siku za kawaida zima kwa poweroff.

Kuna mambo QEMU haitakuonyesha: kadi ya SD inayochakaa, na pini za GPIO au I2C za bodi yako (zinazounganisha vitambuzi), maana virt si nakala ya bodi yoyote iliyoko dukani. Waya, kipima joto chenyewe na kiendeshi chake vijaribu kwa bodi halisi mezani, kitambuzi kikiwa kwenye ndoo ya maji.