Chora mstari kwenye skrubu za upinde wako

Kwa wenye upinde wa kuwindia wa aina ile yenye kitako na kifyatulio kama bunduki: kila ukifyatua, mtikisiko hulegeza skrubu kidogo kidogo, hasa zinazoshika darubini na mikono ya upinde (vile vipande viwili vya mbele vinavyopinda kamba ikivutwa). Zikaze kwa kipimo cha kitabu cha maelekezo, kisha chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaoanzia kichwa cha skrubu na kuishia kwenye chuma cha pembeni. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Huna haja ya kukaza zote ovyo kila mara, jambo ambalo huharibu meno ya skrubu.

Kamba nayo ipake nta ikianza kutoa manyoya, uisugue kwa vidole mpaka ipate joto na kuingia ndani. Ile sehemu ya katikati iliyozungushiwa uzi, inayoteleza juu ya reli (ile njia ya juu anapolala mshale), usiipake nta hiyo. Ina mafuta yake ya reli, na tone dogo latosha. Uzi ukiachana na kuacha mianya, badilisha.

Pitisha kipande cha pamba juu ya mikono ya upinde. Kikinaswa na kuacha nyuzi, huenda pana ufa, hivyo usivute upinde huo tena hadi fundi aukague.

Kifyatulio usikifungue. Kukichezea nyumbani ili kivutike kirahisi zaidi kunaweza kufanya upinde ujifyatue wenyewe. Na kabla ya kugusa chochote kati ya haya, hakikisha kamba haijavutwa na mshale umetolewa.