Kusoma uchumi kwenye daftari la hadwea

Nauza simenti, nondo na mabati hapa Busia, upande wa Uganda. Ukitaka kujua uchumi unaelekea wapi kwa kutazama ujenzi, nunua daftari.

Chora safu mbili, ya shilingi na ya mifuko. Ya shilingi peke yake inadanganya. Ukiuza mifuko 200 ya simenti kwa 30,000 kila mmoja umepata milioni 6. Bei ikifika 40,000 ukauza mifuko 160, unahesabu milioni 6.4 na kudhani biashara imechangamka, kumbe mafundi wamepungukiwa kazi ya mifuko 40. Mwaka 2018, simenti ilipopanda ghafla nchini, niliamini shilingi nikaagiza nondo nyingi. Zililala stoo mpaka zikashika kutu. Hata Marekani, ambako Idara ya Sensa hutangaza matumizi ya ujenzi kila mwezi, hesabu ile ni ya dola tu. Kupanda kwa bei hakujaondolewa humo. Kwetu UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, hutoa fahirisi ya bei za vifaa vya ujenzi, yaani kipimo cha jinsi bei hizo zinavyopanda na kushuka. Isome kabla hujafurahia mauzo.

Halafu angalia kinachotoka. Nondo na mawe ni msingi mpya. Rangi na vigae ni nyumba inayomaliziwa. Rangi ikitoka huku nondo zimelala, mtaani utaona mafundi kila kona, lakini hiyo ni kazi iliyoanza zamani. Nyuma yake hakuna kitu. Mimi hapo napunguza oda, hata kama duka limejaa wateja.

Usilinganishe Februari na Januari. Februari shule zinafunguliwa na pesa ya simenti inakuwa karo. Linganisha na Februari ya mwaka jana. Vivyo hivyo miezi ya mvua.

Jambo ninalolijali zaidi ni nani analipa. Anayebeba mifuko miwili kwa boda anajenga kwa jasho lake, hana mkopo wa benki. Akikosekana wiki tatu, jua nyumbani kumekaza. Mkandarasi wa barabara au shule ya serikali yeye huchukua kwa deni. Mwandikie tarehe ya kuchukua na tarehe ya kulipa. Mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza Julai 1. Ikiwa mzigo wa Agosti unalipwa Aprili, jua pesa ya serikali imemchelewea mkandarasi, vibarua wake nao wamekaa bila mshahara, na mama anayewauzia chakula pale saiti anawadai.