Kupanga matumizi ya bahari ya Pangani, ukianzia Moshi

Maji ya Mto Pangani yanatoka huku kwetu juu. Kikuletwa inakusanya ya Meru na sehemu ya Kilimanjaro, Ruvu inakuja na ya upande wa Ziwa Jipe, mito hiyo inakutana bwawani Nyumba ya Mungu, kisha maji yanapita mitambo ya umeme ya Hale na Pangani kabla ya kufika Bahari ya Hindi. Mpango wa bahari unaochorwa mwambao peke yake una tundu: mipaka ya uvuvi itakaa sawa kwenye ramani, ila kambamiti wachanga wanaolelewa kwenye mikoko ya mlangoni mwa mto watakosa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyoishia kwenye mifongo (mifereji ya umwagiliaji) na mashamba.

Ndiyo maana kikao cha kwanza kifanyike Moshi, kwenye makao ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, inayotoa vibali vya kutumia maji. Waombe mambo mawili: jumla ya maji yaliyoruhusiwa kuchukuliwa mwezi kwa mwezi, na kiasi kinachofunguliwa bwawani wakati wa kiangazi. Usipokee wastani wa mwaka. Masika hufunika kila kitu, na mlango wa mto unaumia miezi ile michache ambayo wastani hauioneshi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza maji ya nyumbani, kisha ya mazingira, halafu shughuli nyingine. Kwa hiyo hoja ya mwambao haiendi kama ombi la hisani.

Arusha nako kuna barua ya kupeleka, kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani inagusa bahari hadi wilaya ya Pangani. Wengine wa kualika ni Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, halmashauri ya wilaya, TFS (wakala wa misitu) kwa ajili ya mikoko, na BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, cha kila kijiji. Ofisi moja tu ishike ramani. Zikiwa mbili, baada ya miezi michache utakuta matoleo manne.

Kabla ya kwenda vijijini, chora yale ambayo sheria imekwisha kuyaamua: eneo tengefu la kisiwa cha Maziwe, mipaka ya Saadani, misitu ya mikoko, na mita 60 kutoka ufukweni zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Ukiyapeleka hayo yapigiwe kura, watu watayakataa, nawe utarudi kuwaambia kura yao haikuhesabiwa. Baada ya hapo hakuna atakayekusikiliza.

Tarehe ya mkutano inaharibu kazi kuliko jambo lolote. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mwezi mpya na mwezi mpevu, wanawake wako mwambani wanachokoa pweza au wako kwenye mwani. Waite wakati wa maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, kati ya tarehe 7 na 9 au 21 na 23 za mwezi mwandamo. Wavuvi wa dagaa wa taa ni kinyume: wanafanya kazi usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi. Hakuna siku moja inayowafaa wote. Fanya mikutano miwili, na usidanganyike na mahudhurio makubwa ya siku ya posho.

Chapisha picha ya setilaiti kwa kipimo cha 1:25,000, ambapo sentimita moja ni mita 250, na uifunike kwa karatasi ya nailoni. Kila kundi lichore lake peke yake: wa mshipi na madema (mitego ya samaki), wa nyavu, wa taa, wakulima wa mwani, wanaochokoa kwa miguu. Wakichora pamoja, wenye vyombo watajaza ramani, na miamba ya wanawake itabaki nyeupe kana kwamba haina mwenyewe. Chora mara mbili, kaskazi na kusi, maana uvuvi huhama na upepo.

Ukiingiza pointi kwenye kompyuta, angalia mfumo wa ramani. Ramani za zamani za Tanzania hutumia Arc 1960, simu hutumia WGS84, na tofauti yake hapa ni karibu mita 300. Kwenye mwamba mwembamba, mpaka uliohama hivyo unamfanya mtu awe mhalifu bila kusogeza ngalawa.

Panapogongana shughuli mbili, jaribu kugawa muda kabla ya kugawa mahali. Kufunga mwamba wa pweza miezi mitatu kunawezekana kwa sababu pweza hukua haraka. Tunapendekeza usifunge zaidi ya robo ya miamba ya kijiji kwa mara moja, la sivyo kaya zinazotegemea kitoweo cha mwambani zitavunja masharti wiki ya pili. Andika mapema nani anaingia siku ya kufungua. Wasipotajwa, vyombo vya mbali vitafika alfajiri kuvuna alichosubiri mwingine. Mwani nao uwe mbali na mlango wa mto, kwani maji baridi ya masika huuozesha.

Mipaka ieleweke bila simu: alama mbili za nchi kavu zinazolingana, kama mnara na mkuyu. Maboya yanaibiwa, na kamba zake hukatwa na matumbawe. Kisha pitisha mpango kama sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji kwanza, halmashauri ya wilaya baadaye. Bila hatua hiyo faini haidaiki.

Mwisho, pima chumvi mtoni. Teua sehemu tatu kuanzia mlangoni kupanda juu, upime maji yakiwa yamejaa siku za bamvua, kila mwezi wa kiangazi. Chota chini karibu na sakafu ya mto, si juu: maji ya bahari ni mazito na hupenya chini ya maji baridi, hivyo kipimo cha juu kitakuambia mto ni mzima wakati visima vya kando vimeanza kuwa na chumvi. Vipimo hivyo vifike Moshi kabla bodi haijagawa maji ya kiangazi kinachofuata, na apeleke mjumbe wa BMU mwenyewe, si barua pepe.