Somo: Kulipia pensheni ya serikali ya Uingereza ukiwa umeshahama

Somo hili ni la waliowahi kufanya kazi Uingereza wakakatwa National Insurance (tuiite NI) kwenye mshahara, kisha wakahama: wauguzi waliokwenda Ghuba, walezi wa wazee waliohamia Kanada, waliorudi nyumbani Nairobi, Mombasa au Dar. Ile NI uliyokatwa haijapotea, ila inaweza kukosa faida yoyote kama hukufikisha miaka 10.

Hapo ndipo pa kuanzia, kabla hujajaza fomu yoyote. Pensheni mpya ya serikali inawahusu wanaofikia umri wa kustaafu kuanzia tarehe 6 Aprili 2016. Inadai angalau miaka 10 iliyokamilika ya NI. Ukiwa na 9 hupewi tisa ya kumi, hupewi kitu. Aliyeanza kuchangia baada ya Aprili 2016 anahitaji miaka 35 ili apate pensheni kamili, ambayo kwa 2026/27 ni £241.30 kwa wiki. Kila mwaka una thamani ya 1/35 ya hiyo, yaani karibu £6.89 kwa wiki, au kama £358 kwa mwaka, tangu utakapostaafu hadi mwisho wa uhai wako.

Jambo la pili: kanuni zilibadilika tarehe 6 Aprili 2026, na mafundisho mengi yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni ya zamani. Awali aliye nje alikuwa na njia mbili. Daraja la 2, linaloandikwa Class 2 kwenye barua za HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza), lilikuwa la bei ya chini sana kwa anayefanya kazi nje. Daraja la 3 lilikuwa la yeyote aliyetimiza sharti la kuishi au kuchangia Uingereza miaka mitatu. Kwa vipindi vya kuishi nje kuanzia mwaka wa kodi 2026/27, Daraja la 2 limefungwa, na Daraja la 3 linataka uwe uliishi Uingereza miaka 10 mfululizo au ulichangia miaka 10. Miaka ya nyuma, hadi 2025/26, bado inalipiwa kwa kanuni za zamani. Kwa walio wengi, hiyo ya nyuma ndiyo iliyobaki.

Hatua ya 1: Angalia rekodi yako

Tafuta namba yako ya NI: herufi mbili, tarakimu sita, herufi moja mwishoni. Ipo kwenye slipu ya mshahara na kwenye P60, ile hati ya mwajiri ya mapato na makato ya mwaka. Ingia tovuti ya gov.uk, sehemu ya makadirio ya pensheni. Wengi hukwama hapa kwa sababu akaunti inatuma namba ya siri kwenye laini ya Uingereza iliyokwisha kufa. Kama bado una laini hiyo, badilisha njia ya uthibitisho iwe programu ya simu kabla haijazimwa. Kama umeshachelewa, jaza fomu BR19 uombe makadirio kwa posta.

Kwenye rekodi, mwaka wa kodi huanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili, na kila mwaka utaandikwa kuwa umekamilika au haujakamilika. Usikimbilie kulipia mwaka ulioondoka. Mwaka hukamilika kwa kiasi cha mapato, si kwa miezi uliyokaa. Kwa 2025/26 kiwango kilikuwa £6,500 kwa mwaka mzima, kwa hiyo muuguzi aliyeondoka Agosti mara nyingi alishakivuka. Na mwaka ambao haujakamilika unaweza kudai wiki chache tu. Wiki 12 za 2025/26 kwa Daraja la 3 ni £213, na kwa hizo unapata mwaka mzima. Huo ndio wa kununua kwanza.

Hatua ya 2: Chagua daraja na miaka

Unaruhusiwa kurudi nyuma miaka sita. Mlango wa 2020/21 unafungwa tarehe 5 Aprili 2027. Nafasi ile ya kulipia tangu 2006 ilikwisha Aprili 2025, na anayekuambia bado ipo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Daraja la 2 kwa miaka hadi 2025/26 lina masharti matatu ya pamoja: ulikuwa ukifanya kazi Uingereza mara tu kabla ya kuondoka; unafanya kazi huko nje katika kipindi unacholipia; na uliishi Uingereza miaka mitatu mfululizo au ulichangia miaka mitatu. Daraja la 3 linataka lile sharti la tatu tu.

Bei ndiyo inayotenganisha. Mwaka 2025/26 kwa Daraja la 2 ni £3.50 kwa wiki, £182 kwa wiki 52. Miaka ya nyuma zaidi inatozwa bei ya sasa ya £3.65, yaani £189.80. Daraja la 3 ni £17.75 kwa 2025/26, £17.45 kwa 2024/25, na miaka ya kabla ya hapo £18.40, yaani £956.80 kwa mwaka.

Chukua mfano wa muuguzi aliyeingia Oktoba 2016 akaondoka Agosti 2021 kwenda kufanya kazi Dubai. Ana miaka sita, kuanzia 2016/17 hadi 2021/22. Mapengo yake ni 2022/23, 2023/24, 2024/25 na 2025/26. Akilipa yote manne kwa Daraja la 2 atatoa £751.40 na kufika 10 kamili. Kwa viwango vya leo hiyo ni £68.94 kwa wiki, karibu £3,585 kwa mwaka. Kwa Daraja la 3, miaka ileile inamgharimu £3,744. Akilipa mitatu tu akaacha mmoja, ana tisa, na tisa ni sifuri.

Aliyekuwa kwenye pensheni ya NHS (huduma ya afya ya umma) au ya halmashauri kabla ya Aprili 2016 asipige hesabu ya 1/35 kwa kichwa. Wakati ule alikuwa akilipa NI iliyopunguzwa, na makadirio yake hupunguzwa pia. Aulize Future Pension Centre, kitengo cha serikali cha makadirio ya pensheni, ni mwaka gani ukilipiwa utaongeza kitu. Baadhi ya miaka ya kabla ya 2016 haiongezi hata senti.

Hatua ya 3: Jaza CF83

Fomu ya maombi ni CF83, na hujazwa mtandaoni au kwa karatasi. Kaa na vitu hivi mezani: tarehe halisi ya kuondoka Uingereza (angalia muhuri wa pasipoti au tiketi), anwani ya mwisho kule, jina na anwani ya mwajiri wa mwisho, tarehe ya siku ya mwisho ya kazi, na orodha ya kazi ulizofanya nje zikiwa na tarehe. Taja daraja unalotaka na kila mwaka unaotaka kulipia. Ukiandika "miaka yote iwezekanayo" unaweza kurudishiwa barua ya maswali, na hiyo ni miezi imekwenda.

Makosa yanayokwamisha fomu ni yaleyale: jina la ndoa kwenye fomu na jina la ukoo kwenye rekodi, tarehe ya kuacha kazi kutokaribiana na ya kuondoka, na anwani ya posta. Hili la mwisho linawaumiza walio Ghuba, ambako wengi hutumia sanduku la posta la mwajiri. Ukibadilisha kazi, barua ya HMRC inabaki mapokezi ya kampuni ya zamani. Tumia sanduku lako au la ndugu unayemwamini, hata kama ni la Tanga.

Fomu ya karatasi hutumwa kitengo cha NI cha HMRC, BX9 1AN. Hiyo ni anwani kamili, haihitaji mtaa.

Hatua ya 4: Subiri barua, ndipo ulipe

Majibu huchukua miezi. Usitume hela kabla ya barua. Fedha isiyo na maombi nyuma yake huelea tu kwenye akaunti ya HMRC. Barua itakuambia umekubaliwa daraja gani, miaka ipi na kiasi gani kwa kila mwaka.

Unayelipa kutoka nje kwa benki, rejea yako ni namba ya NI, kisha herufi IC, kisha jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina lako, bila nafasi hata moja. Kwa mfano wa kubuni: QQ123456AICJUMAF. Namba ya akaunti ichukue kwenye barua au gov.uk, kamwe usiichukue kwa wakala. Tuma kwa paundi, na uiambie benki gharama zote unazibeba wewe, pamoja na za benki za katikati. Benki ya katikati ikikata £15, mwaka wako unapungukiwa na wiki moja au zaidi na haukamiliki. Mwenye akaunti iliyo hai Uingereza alipe kupitia hiyo.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo, mwalimu. Niliacha kazi Machi, nikakaa kwa dada yangu Leicester hadi Septemba ndipo nikaondoka. Wamenikatalia Daraja la 2. Nifanyeje?*

Dada, wamekukwamisha kwenye "mara tu kabla ya kuondoka". Kama katika miezi hiyo ulifanya hata zamu za wakala, tuma slipu zake na uombe uamuzi uangaliwe upya. Kama hukufanya kazi kabisa, njia yako ni Daraja la 3.

*Ndugu, nilisoma Manchester miaka mitatu, sikufanya kazi, sasa niko Nairobi. Naweza kulipa miaka sita?*

Kwa Daraja la 3 unaweza kukubaliwa, kwa kuwa uliishi miaka mitatu mfululizo. Lakini usilipe, kaka. Sita haifiki 10, na miaka ya kuanzia 2026/27 imefungwa kwako. Hela hiyo itakuwa sadaka kwa Hazina ya Uingereza, isipokuwa una mpango wa kweli wa kurudi kufanya kazi kule.

*Michango yangu ya NSSF inaweza kuunganishwa ili nifike 10?*

Hapana, si ya Kenya wala ya Tanzania, kwa sababu hakuna mkataba. Miaka ya michango katika nchi za Umoja wa Ulaya au Marekani inaweza kuhesabiwa katika kufikisha 10, ingawa haiongezi kiasi unacholipwa na Uingereza. NSSF endelea nayo kama kawaida.

*Pasipoti yangu ni ya Tanzania. Watanilipa nikiwa Dar?*

Watakulipa, uraia si sharti. Ila ujue mapema: kwa mkaazi wa Tanzania, Kenya, Uganda, Emirati, Oman na hata Kanada, pensheni hugandishwa. Kiasi unachoanza nacho ndicho utakachopokea miaka yote, wakati aliye Uingereza, Ulaya au Marekani huongezewa kila Aprili. Tena kuna fomu ya kuthibitisha u hai. Usipoirudisha, malipo husimamishwa.

*Nikifa kabla ya kustaafu, mume wangu atarudishiwa?*

Hapana. Michango iliyokubaliwa kihalali hairudishwi, na pensheni mpya kwa kawaida hairithiwi. Mwenye maradhi mazito afikirie mara mbili, hasa kwa bei ya Daraja la 3. Michango hii pia haikupi haki ya kuingia Uingereza wala kutibiwa bure NHS.

*Nimelipa wiki kumi zilizopita, rekodi bado inaonyesha pengo.*

Kwanza hakikisha kwenye hati ya benki kiasi kilichofika, si kilichotoka. Kama kimefika kamili, waandikie HMRC ukiambatisha hati hiyo, nakala ya barua yao, na orodha ya miaka ukitaja kiasi cha kila mmoja. Fedha mara nyingi huwa imepokelewa lakini haijagawanywa kwenye miaka. Usilipe mara ya pili.