Kuzunguka pwani kwa gari na washkaji bila presha
Kwanza msijaze ratiba, hilo ndo kosa kubwa, watu wanapanga kilomita 500 kwa siku halafu bahari wanaiona dirishani tu. Mi naona 150 hadi 200 zinatosha, muda unaobaki mnasimama popote panapowavutia.

Chekini jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kutoka, hapa ndo wengi hufeli. Sehemu nyingi maji yakishajaa yanachukua kama masaa 6 kupwa, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, yaani pale mlipoogelea saa nane mchana, wiki ijayo saa hiyohiyo mnaweza kukuta matope matupu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanapanda juu zaidi, kwa hiyo gari msilipaki kwenye mchanga, mtarudi mlikute linaogelea.

Pesa ya mafuta ichangwe mapema, ashike yule mbahili wenu (kila kundi linaye). Dereva abadilishwe kila masaa mawili. Mkirudi osheni gari mpaka uvunguni, chumvi inakula bodi kimyakimya.